Mshahara wa Tegeta na mshahara wa Kurasini: Upi mkubwa?

MCHUUZI wa nyanya wa soko la Ilala, Dar es Salaam, hanunui tenga kwa kutazama bei ya shambani peke yake. Akisikia kuwa bei imeshuka Ilula, mkoani Iringa, huuliza kwanza nauli ya lori, gharama ya kupakia na kushusha, ushuru, na nyanya ngapi zitafika zimepondeka. Bei ya kweli kwake ni ile ya tenga likiwa limekwisha shushwa Ilala. Asiyejua hesabu hiyo hadumu sokoni hata msimu mmoja.

Lakini mchuuzi huyo huyo, au mkewe, au kijana wake aliyemaliza chuo, akiletewa barua ya ajira hutazama tarakimu moja tu, yaani mshahara. Hahesabu kazi hiyo itamgharimu kiasi gani mpaka imfikishe nyumbani jioni akiwa na fedha mkononi na nguvu mwilini.

Katika soko la ajira la Dar es Salaam kosa hilo ni la gharama kubwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huo. Ya mwaka 2022 ikahesabu watu 5,383,728. Ongezeko hilo la watu zaidi ya milioni 1 katika miaka 10 limekwenda kukaa pembezoni, kule ambako viwanja vilipatikana: Mbagala na Chamazi, Gongo la Mboto na Chanika, Kimara na Mbezi, Tegeta na Bunju. Kazi nyingi za ofisini, bandarini na viwandani hazikuwafuata huko.

Barua mbili mezani

Chukua mfano wa mama mmoja, mhasibu msaidizi, anayeishi Mbagala Rangi Tatu na mumewe na watoto wawili. Mkubwa yuko darasa la nne, mwaka wa mtihani wa upimaji wa taifa, na mdogo yuko darasa la kwanza. Mumewe ana gereji ndogo Zakhem. Wanakaa katika nyumba yao wenyewe, ambayo chumba kimoja bado hakina dari.

Mama huyo amefanya kazi miaka 6 katika kampuni ya kutoa mizigo iliyoko Kurasini, kwa mshahara wa Sh. 850,000 kwa mwezi kabla ya makato. Sasa kiwanda kimoja cha Tegeta kinamwita kwa Sh. 1,100,000. Kazi ni ile ile, siku 6 kwa wiki, Jumamosi nusu siku, jumla ya saa 45. Tofauti ni Sh. 250,000 kila mwezi. Ndugu na marafiki wote wana jibu moja: aende.

Kabla hajaenda, barua hizo zinastahili kupimwa kama tenga la nyanya.

Kinachokatwa kwanza

Makato ya kwanza ni mchango wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF). Mchango wote ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10. Baada ya mchango huo kuondolewa ndipo hukatwa kodi ya PAYE. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 Tanzania Bara, Sh. 270,000 za kwanza hazitozwi kodi; kutoka hapo hadi Sh. 520,000 hutozwa asilimia 8; hadi Sh. 760,000 asilimia 20, hadi Sh. 1,000,000 asilimia 25. Na kinachozidi hapo asilimia 30.

Kwa mshahara wa Kurasini, NSSF inachukua Sh. 85,000 na kodi Sh. 69,250. Mkononi zinabaki Sh. 695,750.

Kwa mshahara wa Tegeta, NSSF inachukua Sh. 110,000 na kodi Sh. 125,500. Mkononi zinabaki Sh. 864,500.

Kwa hiyo ile nyongeza ya Sh. 250,000 imekuwa Sh. 168,750 kabla mama huyo hajapanda gari. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya, kwa kuwa nyongeza huingia katika ngazi ya juu ya kodi. Robo ya kila shilingi iliyobaki baada ya NSSF inakwenda kwenye kodi, ingawa kodi ya mshahara wake wote kwa wastani ni ndogo kuliko robo.

Kinacholiwa na njia

Kurasini ni gari moja kwa Barabara ya Kilwa. Kwenda Tegeta ni safari ya kuuvuka mji mzima: Barabara ya Kilwa, kisha Barabara ya Mandela, Sam Nujoma hadi Mwenge, halafu Barabara ya Bagamoyo, kwa magari mawili kila upande. Chukua nauli ya Sh. 600 kwa safari fupi, na Sh. 800 kwa kila gari katika safari ndefu. Kila msomaji aweke nauli ya njia yake mwenyewe. Kwa siku 26 za mwezi, Kurasini inakula Sh. 31,200 na Tegeta Sh. 83,200.

Nauli si mwisho wa habari. Anayetoka nyumbani alfajiri hana muda wa kuandaa chai. Atakunywa kituoni pamoja na chapati, na hapo Sh. 1,000 kwa siku zimekwenda, yaani Sh. 26,000 kwa mwezi. Jioni anashuka Rangi Tatu giza limeingia, naye atachukua bodaboda hadi mlangoni. Kwa Sh. 1,500 kwa siku 22 za katikati ya wiki, hizo ni Sh. 33,000. Na kwa kuwa watoto wataamka akiwa ameshaondoka, dada wa kazi atataka aongezewe, na ana haki. Weka Sh. 30,000.

Baada ya hesabu hizo, mlinganisho kwa mwezi ni huu:

Kurasini: mkononi Sh. 695,750, gharama za kufika kazini Sh. 31,200, zinazobaki Sh. 664,550.

Tegeta: mkononi Sh. 864,500, gharama za kufika kazini na za nyumbani Sh. 172,200, zinazobaki Sh. 692,300.

Tofauti ni Sh. 27,750. Nyongeza ya robo milioni iliyowafurahisha ndugu imefika nyumbani ikiwa chini ya Sh. 30,000.

Saa 78 zinazidi

Mpaka hapa ni fedha tu zilizohesabiwa, muda bado. Kurasini ni dakika 45 kila upande, yaani saa 1 na nusu kwa siku. Tegeta, siku ambayo barabara imekubali, ni saa 2 na robo kila upande, yaani saa 4 na nusu. Tofauti ni saa 3 kwa siku, na kwa siku 26 ni saa 78. Wiki nzima ya kazi kisheria haizidi saa 45. Kwa maneno mengine, mama huyo atakuwa anafanya zaidi ya wiki moja na nusu ya kazi kila mwezi akiwa kwenye daladala, na malipo yake ni hizo Sh. 27,750. Ni kama Sh. 356 kwa saa.

Ukigawa fedha zinazobaki kwa saa zote, za kazini na za njiani, Kurasini inamlipa kama Sh. 2,840 kwa saa moja. Tegeta inamlipa kama Sh. 2,219. Kazi yenye mshahara mkubwa ndiyo yenye bei ndogo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mapumziko yasiyopungua saa 12 mfululizo kati ya kutoka kazini na kuingia tena. Lakini sheria haihesabu barabara. Kutoka saa 11 jioni hadi saa 2 asubuhi ni saa 15. Toa usingizi wa saa 7. Kwa mfanyakazi wa Kurasini, baada ya safari, zinabaki saa 6 na nusu za kupika, kula, kuoga, kukagua madaftari na kuzungumza. Kwa mfanyakazi wa Tegeta zinabaki saa 3 na nusu.

Katika nyumba hii ya Mbagala, saa 3 hizo zina kazi maalumu. Ndizo ambazo mama hukaa mezani na mtoto wa darasa la nne kufanya naye hesabu za kugawanya, kwa sababu baba hufunga gereji usiku. Kwa kazi ya Tegeta atatoka saa 11:45 alfajiri, watoto wakiwa bado kitandani, na kurudi baada ya saa 1:15 usiku, siku ambayo hakuna mvua wala gari lililoharibika katikati ya njia. Mumewe aliposikia mpango huo hakuuliza mshahara. Aliuliza tu: “Sasa mama watoto, zile saa za mtoto nani atakaa naye?”

Watafiti wa nje wamelipima jambo hili. Daniel Kahneman na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, waliwataka wanawake 909 wenye ajira huko Texas, Marekani, waeleze siku yao ya jana kipande kwa kipande na jinsi walivyojisikia. Safari ya asubuhi ya kwenda kazini ilishika mkia. Bruno Frey na Alois Stutzer, waliochambua takwimu za kaya za Ujerumani na kuchapisha matokeo mwaka 2008, waliona kuwa wenye safari ndefu hawakuwa wameridhika na maisha sawa na wengine, ingawa kwa nadharia ya uchumi mshahara au nyumba nzuri zaidi ilipaswa kufidia.

Sababu si ngumu kuiona. Mshahara mpya huzoeleka mwezi wa tatu. Foleni ya Mwenge haizoeleki, maana kila siku inakuja na sura yake.

Mwajiri wa zamani aongeza

Sasa tuseme mama huyo anaingia kwa meneja wake wa Kurasini na kumweleza kwa heshima kuwa ameitwa kwingine. Meneja anajua kuwa kumpata mtu mwingine anayezijua nyaraka za forodha kutachukua miezi. Anamwambia hawezi kufika 1,100,000, lakini ataongeza Sh. 50,000, iwe Sh. 900,000.

Ndugu watacheka. Hesabu haichekeshi. Kwa Sh. 900,000, NSSF ni Sh. 90,000 na kodi Sh. 80,500, mkononi Sh. 729,500. Ondoa nauli ya Sh. 31,200, zinabaki Sh. 698,300. Hizo ni Sh. 6,000 zaidi ya zile za Tegeta, na saa 78 amebaki nazo. Nyongeza ya Sh. 50,000 Kurasini imeizidi nyongeza ya Sh. 250,000 Tegeta.

Kuna na faida ya miaka 6. Kwa sheria hiyo hiyo, mfanyakazi anayeachishwa baada ya kutimiza miezi 12 hulipwa kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka alioukamilisha, hadi miaka 10. Anayeacha kazi mwenyewe kwa hiari huiacha haki hiyo mlangoni. Na akiingia kwa mwajiri mpya, masharti ya sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali hayamlindi mpaka atimize miezi 6.

Upande wa pili wa mizani

Haitakuwa haki kuihukumu Tegeta kwa hayo tu. Kwanza, fedha za NSSF hazikupotea. Kwa mshahara wa Sh. 1,100,000, mchango wote wa mwezi ni Sh. 220,000; kwa Sh. 900,000 ni Sh. 180,000. Tofauti ya Sh. 40,000 kwa mwezi, au Sh. 480,000 kwa mwaka, ni akiba ya uzeeni iliyo halali yake. Haimsaidii kulipa ada ya Januari, lakini ni fedha.

Pili, mshahara mkubwa ni ngazi. Mwajiri wa tatu, miaka mitatu ijayo, ataanza mazungumzo kutoka Sh. 1,100,000 badala ya 900,000. Benki nayo hukopesha kwa kutazama mshahara, na nyumba yenye chumba kisicho na dari inaujua umuhimu wa mkopo.

Tatu, kiwanda kinaweza kuwa na basi la wafanyakazi. Likimchukua Mbagala, zile Sh. 83,200 za nauli zinafutika na hesabu inageuka kwa upande wa fedha, ingawa saa zinabaki pale pale.

Nne, barabara hubadilika. Daraja la juu la Mfugale pale Tazara lilifunguliwa Septemba 2018, na la Kijazi pale Ubungo Februari 2021, na yote mawili yako katika njia hiyo hiyo ya Mbagala kwenda Tegeta. Mabasi yaendayo haraka yalianza Mei 2016 kwa njia ya Kimara, na awamu zilizofuata zilipangiwa Barabara ya Kilwa na Barabara ya Bagamoyo. Lakini aliye makini hasaini mkataba kwa kutegemea barabara ambayo hajaipanda. Hupima kwa safari ya leo, na nafuu ikija aiite faida.

Kuhama je?

Wapo watakaosema jibu ni kuhamia Tegeta. Kwa mtu mmoja ni jibu zuri. Kijana asiye na mke wala watoto, aliyepanga chumba Mwenge, akipewa barua ile ile ya Tegeta ana gari moja tu, na asubuhi anakwenda kinyume na wengi wanaoelekea mjini. Kwake mshahara huo, baada ya makato, haupungui sana njiani. Barua moja ina bei mbili kwa watu wawili, kama vile tenga la Ilula lisivyo na bei moja Ilala na Mtwara.

Kwa familia ya Mbagala hesabu ni nyingine. Nyumba ya kupanga ya Sh. 150,000 kwa mwezi ingekula karibu mshahara wote ulioongezeka mkononi. Wenye nyumba wengi Dar es Salaam hudai kodi ya miezi 6 au mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa miezi 6 hizo ni Sh. 900,000 kabla ya kuhamisha kitanda. Watoto watabadilisha shule katikati ya mwaka wa mtihani, na safari ya saa 4 na nusu itakuwa imehama kutoka kwa mama kwenda kwa baba na gereji yake ya Zakhem. Njia itakuwa imebadili msafiri tu.

Ya kuuliza kabla ya kutia saini

Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi: cheo, mahali pa kazi, saa za kazi na malipo. Mwenye barua mkononi aulize haya kabla ya kutia saini:

1. Katika mshahara huo, wa msingi ni kiasi gani na posho ni kiasi gani? Kiinua mgongo na malipo ya saa za ziada hupigwa kwa mshahara wa msingi. Barua yenye posho nono na msingi mwembamba ni nyepesi kuliko inavyoonekana.

2. Mwajiri anachangia asilimia ngapi NSSF? Wapo wanaochangia zaidi ya nusu.

3. Saa za ziada ni za mara kwa mara? Kisheria hazizidi 50 katika wiki 4, nazo hulipwa mara moja na nusu. Lakini saa ya ziada ya Tegeta ikiisha saa 1 usiku, abiria wa Mbagala atafika saa 3 na kitu.

4. Kuna usafiri wa kampuni, na unapita wapi? Je, saa ya kuingia yaweza kusogezwa mbele au nyuma ya foleni?

5. Mahali pa kazi pametajwa kwa jina, au mwajiri amejiachia nafasi ya kumhamishia popote?

Jambo la sita halimhusu mwajiri. Kabla ya kukubali, mtu aifanye safari hiyo mwenyewe Jumatatu asubuhi, kwa saa ile ile na gari lile lile, na arudi jioni. Kipimo cha Jumapili mchana barabara ikiwa tupu ni sawa na kupima mpunga wenye pumba.

Kwa mama wa mfano huu, mizani imelalia Kurasini, kwa sharti moja: hizo Sh. 50,000 ziandikwe na kutiwa saini, maana nyongeza ya mdomoni hailipi ada. Akiinyimwa, Tegeta inarudi mezani kwa faida ya Sh. 27,750 na akiba yake ya NSSF, naye atajua sawasawa anauza nini na kwa bei gani: saa 78 kwa mwezi, ambazo kwa mwaka ni saa 936. Mtihani wa darasa la nne utafika mwisho wa mwaka, na saa za kumwandalia mtoto haziuzwi kituoni pamoja na chapati.